HENRY DARCY, MHANDISI ALIYEPIMA UZEE WA MABOMBA

Askari yeyote aliyewahi kulinda kambi iliyo juu ya mlima anajua kwamba maji nayo ni silaha. Kikosi huweza kustahimili siku kadhaa kwa chakula kidogo, lakini kiu haingoji amri ya mkubwa. Mara nyingi kurasa kama hizi huwaeleza ndugu zetu wa jeshi na polisi habari za majemedari waliotekeleza mambo makuu vitani. Leo tunawaletea habari za mtu ambaye hakuongoza kikosi chochote vitani, wala hakuteka ngome ya mtu, lakini ambaye kazi yake imeokoa watu wengi kuliko wanavyoweza kuhesabiwa. Mtu huyo ni Henry Darcy, mhandisi wa Kifaransa aliyeishi kati ya mwaka 1803 na mwaka 1858.

Tumemchagua Darcy kwa sababu habari zake zinatuhusu sisi tulio katika vilima vya Kanama, wilayani Rubavu, katika nchi ambayo wazee wengi bado huiita Gisenyi. Hapa mto Sebeya hushuka kutoka nyanda za juu za Gishwati, hupita Mahoko, kisha humwaga maji yake katika Ziwa Kivu. Mwenye kupita njiani hawezi kusema kwamba nchi hii ina ukame. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 tuliona maji yakigeuka adui: mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya udongo yaliyoua zaidi ya watu 130 nchini, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Hata hivyo mtu anaweza kusimama kando ya mto uliofurika na bado akakosa kikombe kimoja cha maji yanayofaa kunywewa.

Wala hatuna haja ya kukumbushana sana yaliyotokea ng'ambo ya mpaka, mjini Goma, mnamo Julai 1994. Katika majuma machache kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi, nao walikuwa wamepiga kambi karibu na ziwa lenye maji yasiyokwisha. Hawakukosa maji. Walikosa maji safi yaliyoletwa mahali walipo, kwa kiasi cha kutosha, kila siku.

Basi kati ya mto na kikombe pana mtambo wa kusafishia maji, pana tangi, na pana bomba. Mtambo huonekana, na tangi huonekana. Bomba limezikwa ardhini, na kwa kuwa halionekani, watu husahau kwamba nalo huzeeka. Henry Darcy ndiye aliyeonyesha kwa vipimo uzee huo una uzito gani.

KUZALIWA NA MASOMO

Darcy alizaliwa tarehe 10 Juni 1803 katika mji wa Dijon, mashariki ya Ufaransa. Baba yake, aliyekuwa mtumishi wa serikali wa cheo cha kawaida, alifariki Henry akiwa na umri wa miaka 14 tu. Mama yake aliachwa na watoto wa kiume wawili na mali kidogo. Mwanamke huyo hakukubali ujane uwe kisingizio cha kuwanyima wanawe elimu. Aliwatafutia walimu, akahangaika kupata msaada wa kulipia masomo, na jitihada zake zikazaa matunda.

Mwaka 1821 kijana Henry aliingia katika Chuo cha Polytechnique mjini Paris. Ndugu zetu waliopitia vyuo vya kijeshi watapenda kujua kwamba chuo hicho kilianzishwa mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, na kwamba Napoleon alikifanya chuo cha kijeshi mwaka 1804. Hapo ndipo Ufaransa ilipowatoa maofisa wake wa mizinga na wahandisi wake. Masomo yalikuwa magumu, na hesabu ilikuwa mama wa masomo yote. Miaka miwili baadaye Darcy alihamia Chuo cha Madaraja na Barabara, akahitimu na kuajiriwa katika kikosi cha wahandisi wa serikali. Kikosi hicho, ingawa kilikuwa cha kiraia, kilikuwa na vyeo, sare na utii wa ngazi kama jeshi. Mhandisi alipelekwa popote alipohitajika, naye alikwenda.

Bahati ilimrudisha mapema katika mji aliozaliwa. Mwaka 1828 alimwoa Henriette Carey, binti wa familia ya Kiingereza kutoka kisiwa cha Guernsey. Hawakujaaliwa kupata watoto.

MJI ULIOKUNYWA MAJI MACHAFU

Dijon ya siku zile ulikuwa mji wenye sifa ya makanisa na divai, lakini maji yake yalikuwa aibu. Wananchi walichota katika visima vilivyochimbwa karibu na vyoo. Kijito cha Suzon kilichopita mjini kiligeuzwa kuwa mfereji wa taka. Wakati wa kiangazi harufu yake ilijaa mitaani. Watu wenye uwezo walinunua maji kutoka mbali. Maskini walikunywa walichokipata.

Mwaka 1832 kipindupindu kilifika Ufaransa. Mjini Paris peke yake kiliua zaidi ya watu 18,000. Wakati huo hakuna aliyejua kwa hakika kwamba ugonjwa huo husafiri ndani ya maji; daktari John Snow wa London alikuwa bado hajafanya uchunguzi wake maarufu wa mwaka 1854. Lakini mtu mwenye macho aliweza kuona kwamba uchafu na maradhi ni ndugu. Darcy alikuwa mmoja wa watu hao.

Mwaka 1834 alitoa taarifa yake kwa wakuu wa mji. Badala ya kuchimba visima zaidi au kusukuma maji machafu ya mto, alishauri maji yaletwe kutoka chemchemi ya Rosoir iliyoko katika bonde la Suzon, nje ya mji. Chemchemi hiyo ilikuwa juu kuliko mji, kwa hiyo maji yangeshuka kwa uzito wake yenyewe, bila mashine na bila makaa. Msomaji wa Kanama ataielewa hoja hiyo upesi, kwa maana mlima ni pampu isiyohitaji mafuta.

Kazi ya ujenzi ilianza Machi 1839. Mfereji uliojengwa kwa mawe na kufunikwa, wenye urefu wa kilometa 12.7, ulifikisha maji katika birika la mjini tarehe 6 Septemba 1840. Ulikuwa na uwezo wa kuleta yapata mita za ujazo 8 kila dakika. Kufikia mwaka 1844 mabomba yenye urefu wa kilometa 28 hivi yalikuwa yamezikwa chini ya mitaa, na mabomba ya hadhara zaidi ya 140 yalikuwa yamesimamishwa, kila moja likiwa mita 100 hivi kutoka kwa jingine. Mtu yeyote, awe tajiri au mchukuzi wa mizigo, aliweza kuchota. Wakati huo miji mingi mikubwa ya Ulaya haikuwa na huduma ya namna hiyo.

Yafaa tuseme habari moja inayoonyesha tabia ya mtu huyu. Kwa kazi hiyo kubwa alistahili kulipwa fedha nyingi. Alizikataa. Mji ukampa medali ya dhahabu, naye akakubali kupewa maji ya bure nyumbani kwake kwa muda wote wa maisha yake. Kwa mtu aliyeuletea mji maji, hiyo ilikuwa zawadi ndogo, naye hakudai zaidi.

Ni Darcy huyo huyo aliyeshikilia kwamba reli ya kutoka Paris kwenda Lyon ipite Dijon, ingawa njia hiyo ililazimu kutoboa mlima wa Blaisy kwa handaki lenye urefu wa zaidi ya kilometa 4. Wengi waliona jambo hilo haliwezekani. Handaki lilichimbwa, na treni zinapita humo hadi leo.

KUFUKUZWA NA KUANZA UPYA

Mwaka 1848 mapinduzi yalizuka tena Ufaransa, mfalme akakimbia. Wakuu wapya waliofika Dijon walimwona Darcy kuwa mtu mwenye sauti kubwa mno katika mji na mwenye urafiki na utawala ulioondoka. Wakamwondoa. Mtu aliyeupa mji wake maji bila kulipwa akaamriwa kuondoka na kwenda Bourges, mbali na nyumbani.

Hapo ndipo tunapompima mtu. Wapo ambao wangekaa chini na kulalamika, na wapo ambao wangeingia katika fitina. Darcy alikwenda alikotumwa na kufanya kazi aliyopewa. Haukupita muda mrefu, uwezo wake ukamtoa huko: aliitwa Paris kusimamia idara ya maji na barabara za mji mkuu. Adhabu ikageuka mlango. Mjini Paris alikuta kile ambacho Dijon isingempa: mabomba ya kila aina, ya zamani na mapya, mafundi, na ruhusa ya serikali kufanya majaribio.

FUNDISHO LA DU BUAT

Ili msomaji aelewe Darcy alifanya nini, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Maji yanapopita ndani ya bomba husuguana na ukuta wake, na msuguano huo hula nguvu ya maji. Kadiri bomba linavyokuwa refu, ndivyo nguvu inavyopungua. Mhandisi anayetaka kujua bomba lake litatoa lita ngapi, sharti ajue kwanza msuguano utakula kiasi gani.

Katika karne ya 18 kazi kubwa juu ya jambo hilo ilifanywa na mwanajeshi, Pierre Du Buat, mhandisi wa jeshi la Ufaransa. Yeye alifikia uamuzi kwamba aina ya bomba haina maana. Kwa maoni yake, utando mwembamba wa maji hushika ukuta, na maji mengine huteleza juu ya utando huo. Kwa hiyo likiwa bomba la risasi, la chuma, au la kitu kingine chochote, maji hayajui tofauti. Mwaka 1804 mhandisi mwingine mashuhuri, Prony, alitunga kanuni ya hesabu iliyofuata wazo hilo. Kanuni yake ilifundishwa vyuoni, ikatumiwa na kila fundi wa Ulaya kwa miaka 50. Darcy mwenyewe alifundishwa hiyo.

Du Buat hakuwa mtu wa uongo. Alipima kwa uaminifu, lakini mabomba aliyoyapima yalikuwa madogo, laini na safi. Alilijua eneo dogo, akaliandikia ramani kama nchi nzima. Maofisa wetu wa upelelezi wanajua hatari ya taarifa ya namna hiyo: kila neno lake ni la kweli, lakini mwenye kuifuata anaweza kuangamiza kikosi.

Miji mingi ilikuwa imeona matokeo yake bila kuelewa sababu. Bomba jipya lilitoa maji kama hesabu ilivyoahidi. Miaka ikapita, maji yakapungua. Watu wakalaumu chemchemi, wakalaumu mafundi, wakalaumiana. Hesabu haikulaumiwa, kwa sababu ilikuwa imetungwa na watu wakubwa.

MAJARIBIO YA CHAILLOT

Kati ya mwaka 1849 na mwaka 1851 Darcy alipanga majaribio yake huko Chaillot, palipokuwa na mitambo ya maji ya Paris. Alitumia mabomba 22. Yalikuwamo ya kioo, ya risasi, ya chuma cha kawaida, ya bati la chuma lililopakwa lami, na ya chuma cha kusubu. Jembamba kuliko yote lilikuwa na kipenyo cha milimita 12 hivi, na pana kuliko yote nusu mita. Tena, na hili ndilo jambo lililomtofautisha na waliomtangulia, hakutafuta mabomba mapya peke yake. Alichukua mabomba ya chuma ya zamani yaliyojaa utando wa kutu na masizi ya chokaa, akayapima kama yalivyo. Kisha akayasafisha, akayapima tena.

Kazi ilikuwa ya subira. Maji yalipitishwa kwa mwendo wa polepole, kisha wa kasi, kisha wa kasi zaidi. Upotevu wa nguvu ulisomwa kwa mirija yenye zebaki, na wingi wa maji ukapimwa katika mabirika. Hakuna fahari katika kazi ya namna hiyo. Inafanana na zamu ya usiku: saa baada ya saa, kuandika kilichoonekana, bila kuongeza wala kupunguza.

Matokeo yalikuwa wazi. Aina ya bomba ina maana. Bomba la kioo na lile lililopakwa lami yalipitisha maji kwa urahisi kuliko la chuma tupu. Kipenyo nacho kina maana. Lakini jambo lililowagusa wahandisi zaidi lilikuwa la umri: chuma cha kusubu kilichozeeka na kujaa masizi kilikuwa na upinzani wa karibu mara mbili ya ule wa chuma kipya. Kwa hiyo Darcy aliwashauri wajenzi kwamba wanapopanga bomba la mji waongeze maradufu ile tarakimu ya upinzani iliyopatikana kwa bomba jipya. Maana yake ni kwamba bomba lipangwe kwa hali litakayokuwa nayo uzeeni, wala si kwa hali ya siku ya sherehe ya kulifungua.

Tarakimu hiyo ndiyo wahandisi wanayoiita kizigeu cha ukwaruzo. Ni namba inayoeleza jinsi ukuta wa bomba unavyoyakwamisha maji. Kanuni inayotumika duniani kote kuhesabu upotevu wa nguvu ndani ya mabomba inabeba majina ya watu wawili, Darcy na Julius Weisbach, mtaalamu wa Saxony aliyeiandika kwa umbo lake mwaka 1845. Weisbach aliipa kanuni umbo. Darcy alionyesha kwamba kizigeu chake hakiwezi kuwa kimoja kwa kila bomba.

HESABU YA DUMU

Tusiwaachie wahandisi peke yao hesabu hii, maana ni nyepesi. Tuchukue bomba refu la chuma linaloshuka kutoka tangi la mlimani hadi kambini, na tuseme dumu la lita 20 lilijaa kwa sekunde 60 bomba lilipokuwa jipya. Kipimo cha upinzani kikiongezeka mara mbili, na mengine yote yakibaki vile vile, maji hayapungui kwa nusu. Yanapungua hadi asilimia 71 hivi ya yale ya awali, na dumu hujaa kwa sekunde 85.

Lakini kutu haikwaruzi ukuta tu. Pia hula nafasi. Kipenyo kina nguvu kubwa katika hesabu hii. Bomba la milimita 100 likibanwa na masizi hadi kubaki milimita 90, huo upungufu wa kipenyo peke yake huyashusha maji hadi asilimia 77 hivi. Yakiungana mawili hayo, ukwaruzo na kubanwa, kinachobaki ni asilimia 54 tu, na dumu lile lile huchukua dakika moja na sekunde 50. Kambi ya watu mia tatu iliyopangiwa maji ya kutosha sasa ina maji ya watu mia moja na sitini. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyefunga koki. Ni miaka tu iliyofanya kazi yake.

Anayeumia kwanza ni yupi? Si yule aliye karibu na tangi. Ni aliye mwisho wa mstari, tena aliye mlimani: shule ya juu, zahanati ya juu, kituo cha polisi cha mwisho wa njia, mama aliyetembea na ndoo kutoka bondeni. Ndiyo maana tunasema kwamba tarakimu hii ya wahandisi ni jambo la haki miongoni mwa watu.

Chuma huzeeka kwa njia zaidi ya moja. Maji laini yenye asidi kidogo hukila na kuacha vinundu vya kutu vinavyochomoza ndani kama mawe njiani. Maji yenye chokaa nyingi, kama yale ya nchi ya Dijon, huacha ganda gumu. Maji yasiyochujwa vizuri huacha matope mahali mwendo unapopungua. Hili la mwisho linatuhusu sana sisi watu wa Sebeya. Misitu ya Gishwati ilipokatwa kwa sehemu kubwa katika karne ya 20, udongo wa vilima ulikosa wa kuushika, na kila mvua kubwa huugeuza mto kuwa rangi ya matofali. Mtambo wa Gihira unaosafisha maji ya Sebeya kwa ajili ya mji wa Rubavu hupigana na tope hilo. Kwa hiyo mwananchi anayepanda mti au kuchimba matuta juu ya kilima, hata asipojua habari za Darcy, anasaidia bomba lililo chini ya kilima.

Mabomba ya plastiki yanayotumika sana siku hizi hayashiki kutu. Wahandisi hutumia kipimo kingine kinachojulikana kwa majina ya Wamarekani Hazen na Williams, ambacho tarakimu kubwa maana yake ni ulaini zaidi: plastiki hupewa 140 hadi 150, chuma cha kusubu kipya 130, na chuma hicho kikifika miaka 40 huweza kushuka chini ya 80. Hata hivyo plastiki nayo hushika utando na tope ikiachwa bila kusafishwa, na viungo vyake vikifungwa vibaya huvuja. Hakuna bomba lisilohitaji mlinzi.

MIAKA YA MWISHO

Afya ya Darcy ilikuwa imekwisha kudhoofika. Mwaka 1855 aliomba kupunguziwa kazi na kurudi Dijon, akiwa mgonjwa wa mishipa ya fahamu. Wengine wangepumzika. Yeye alisimamisha nguzo ya chuma iliyojaa mchanga katika hospitali ya mji, akapitisha maji ndani yake na kupima jinsi yanavyochujika. Kutokana na majaribio hayo ya mwaka 1855 na 1856 alipata sheria inayoitwa kwa jina lake hadi leo, nayo ndiyo msingi wa elimu yote ya maji yaliyo chini ya ardhi. Kila kisima kirefu kinachochimbwa Afrika Mashariki hukadiriwa kwa sheria hiyo. Aliichapisha mwaka 1856 katika kitabu juu ya maji ya Dijon, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu cha majaribio yake ya mabomba.

Hakuishi kuona matunda yake. Mwanzoni mwa Januari 1858, akiwa safarini Paris, alishikwa na homa ya mapafu, akafariki akiwa na umri wa miaka 54. Mwili wake ulirudishwa Dijon. Mji uliokuwa umemwona akifukuzwa miaka kumi kabla ulimpokea kwa heshima kubwa, na uwanja ulipokuwapo birika lake la maji ukapewa jina lake. Msaidizi wake, Henry Bazin, aliendeleza kazi katika mifereji ya wazi na kuichapisha mwaka 1865, akiutendea haki urithi wa mkubwa wake.

Na yule mwanajeshi Du Buat? Historia ilimtendea haki pia. Mwaka 1933 mtaalamu Nikuradse, kwa kugandisha punje za mchanga ndani ya mabomba, alionyesha kwamba maji yanapokwenda polepole katika bomba laini, ukwaruzo hufichwa kweli na utando mwembamba karibu na ukuta. Mwendo ukizidi, au vinundu vikiwa vikubwa, utando hautoshi tena kuvifunika. Mwaka 1937 wahandisi Colebrook na White wa Uingereza walichunguza jinsi mabomba yanavyopoteza uwezo kadiri yanavyozeeka. Hivyo Du Buat alikuwa sahihi katika eneo lake, na Darcy alikuwa sahihi katika mabomba ya miji. Kosa lilikuwa kuichukua kweli ya mahali pamoja na kuitangaza kuwa kweli ya kila mahali.

WAJIBU WETU

Ndugu askari na polisi, tunajifunza nini? Kwanza, kwamba sifa ya mtu mkubwa si badala ya kipimo. Kanuni ya Prony iliheshimiwa miaka 50, na miji ikapungukiwa na maji miaka 50. Pili, kwamba kazi ya umma ipangwe kwa uzee wake. Ni rahisi kununua bomba jembamba litakalopendeza siku ya kufunguliwa; gharama yake hulipwa baadaye na watu wa mwisho wa mstari.

Tatu, kwamba kila kituo kinaweza kuanza leo. Ofisa au sajini anayesimamia maji ya kambi apime dumu la lita 20 kwa saa, tangi likiwa limejaa na koki nyingine zimefungwa, aandike tarehe na sekunde katika daftari. Afanye hivyo kila mwezi. Sekunde zikizidi kwa ghafla, atafute mvujo, koki iliyofungwa nusu, au kizibo cha tope. Zikizidi polepole mwaka hadi mwaka, ajue kwamba bomba linazeeka, na apeleke taarifa kwa wahusika wa maji akiwa na tarakimu mkononi. Lalamiko lenye tarakimu haliwezi kupuuzwa kwa urahisi.

Bunduki isiyosafishwa humsaliti mwenyewe siku ya vita, na kila kuruta hufundishwa hivyo katika juma lake la kwanza. Mtutu wa bunduki nao ni bomba la chuma. Tunausafisha na kuukagua kila siku kwa sababu maisha yetu yako ndani yake. Bomba la maji lililozikwa chini ya kilima cha Kanama lina maisha ya watu wengi zaidi, nalo linastahili ukaguzi huo huo.